Mtoto Akiacha Kuinua Mkono, Ulizia Kaswende

Kliniki ninayofanyia kazi iko Eastlands, Nairobi, na kuna maneno ninayoyasikia mara kwa mara: "Sista, mtoto ameteguka bega. Shosho amemkanda lakini bado analia." Mtoto mwenyewe ana mwezi mmoja au miwili.

Naomba tusimkande. Huenda ni kaswende, ugonjwa wa zinaa ambao mtoto huupata kwa mama akiwa tumboni. Mlaze chali, mvue nguo, umtazame kwa utulivu. Mkono mmoja anaurusha vizuri, wa pili umelala tu ubavuni. Ukimtekenya kiganja, vidole vinacheza. Ukiuinua mkono, analia kwa uchungu. Mishipa ya fahamu haijakatika. Mfupa karibu na kiungo umevimba na unamuuma, ndiyo maana hataki kuusogeza. Daktari Mfaransa Jules Parrot alieleza hali hii tangu karne ya 19. Mkono ulioumia wakati wa kujifungua kwa kawaida hulegea tangu siku ya kwanza. Huu wa kaswende mara nyingi hujitokeza baada ya wiki kadhaa, na mguu pia unaweza kushikwa.

Angalia na mengine: mafua yasiyoisha, pengine yenye damu, ngozi ya viganja na nyayo inayobambuka, tumbo kujaa. Lakini mifupa inaweza kuwa dalili pekee, kwa hiyo usingoje hayo. Kiungo kikiwa na joto na mtoto ana homa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda ni usaha.

Ukifika, toa kijitabu cha kliniki, uombe mama na mtoto wapimwe damu. Kipimo safi cha mwanzo wa mimba hakitoshi, maana mtu huweza kuambukizwa baadaye. Eksirei ya mikono na miguu husaidia sana: mara nyingi mifupa ya pande zote mbili imeliwa, hasa upande wa ndani chini ya goti, hata kama mtoto anaonyesha maumivu upande mmoja tu.

Tiba ni penisilini, kwa kawaida sindano za siku 10 hospitalini. Zimalizeni zote. Mama na baba nao watibiwe, na tafadhali mama asitukanwe. Wengi hawakuwa na dalili yoyote.

Nyumbani, mwinue mtoto kwa kumshika kiwiliwili. Ukimvisha, anza na mkono unaouma. Ukimvua, umalizie nao.