Ukitaka kuishtaki hospitali, anza na karatasi

Juzi mama mmoja wa Kongwa ameniandikia: mtoto wake alitibiwa malaria, kumbe ni homa ya uti wa mgongo. Sasa hasikii. Anauliza aanzie wapi.

Pole sana, mdogo wangu. Yangu yalikuwa hivi.

Dodoma ikifika Oktoba joto halisemeki, kila mtoto anashinda na kikombe cha maji. Wangu alikuwa anamaliza jagi. Akarudia kukojoa kitandani, akakonda, na pale alipokojoa sisimizi wanajaa. Yote nilimweleza daktari wa hospitali moja binafsi, macho yake yako kwenye kompyuta. Akaandika UTI na malaria. Tuliporudi mtoto anatapika, anahema kama aliyekimbizwa, wakamtundikia dripu ya glukosi, yaani sukari. Glukosi, jamani!

Hospitali ya pili nesi alimtoboa kidole tu, kipimo kikaandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wa mashine. Kisukari aina ya kwanza. Akalazwa ICU hajitambui. Leo anajichoma insulini mwenyewe, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Na ile hospitali ya kwanza tulimalizana nje ya mahakama, wakalipa. Najivunia, sifichi. Pole hawajatupa hadi leo.

Wakili wao alisema daktari hampi mtu kisukari. Kweli kabisa. Ilibidi tuonyeshe kwamba kucheleweshwa ndiko kulikomfikisha ICU, na hapo bingwa wa watoto alitusaidia akiwa na risiti ya ile dripu mkononi. Machozi yangu hayakuhesabiwa, karatasi ilihesabiwa.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, unatoa kwanza notisi ya siku 90 kwamba utashtaki, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumfutia daktari usajili, ila fidia halikupi, kwa hiyo usikae kulisubiri huku miaka inayoyoma.

Na wazazi wenzangu, tuache kusema "kazi ya Mungu" kabla hatujaomba faili! Mungu hakuandika ile dripu.

Wewe wa Kongwa, Jumatatu peleka barua ya kuomba nakala ya faili, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea. Wakisema faili limepotea, waandike hivyo na wasaini.