Taya likikuuma ukila, angalia maumivu yanaanza lini

Ukisema taya linakuuma ukila, kila mtu atakuambia ni jino. Mara nyingi ni jino kweli, au kiungo cha taya kilicho mbele ya sikio. Langu halikuwa hivyo. Chini ya taya palivimba hata kabla sijatafuna, harufu ya chakula tu ilitosha, na kitu kichachu ndicho kilichonitesa zaidi. Baada ya muda uvimbe ulinywea wenyewe. Picha za meno hazikuonyesha kasoro. Daktari mmoja aliniuliza maumivu yanaanza wakati gani hasa, akapapasa chini ya ulimi, akakuta kijiwe kwenye mfereji wa mate.

Mate yakitoka kwa wingi yakakuta njia imeziba, tezi inatuna. Vijiwe vingi, takriban 80 kati ya 100, hupatikana kwenye tezi za chini ya taya: mate yake ni mazito na mfereji wake unapanda juu. Vidogo huweza kutoka kwa maji mengi, kukanda tezi taratibu kuelekea mbele na kumumunya kitu kichachu (ndiyo, kilekile kinachouma). Changu kiligoma, kikatolewa kwa ganzi. Ukipata homa au usaha chini ya ulimi, acha kukanda, nenda hospitali.

Kwa hiyo kabla ya kumwona daktari, andika wakati wa maumivu. Yakija kwenye tonge la kwanza tu kisha yakapungua, mwambie kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa shingo au wa tezi ya mate. Kama hujawahi, omba uchunguzwe uvimbe wa ndani. Yakipiga kama shoti ya umeme kwa sekunde chache, hata ukipiga mswaki au upepo ukikugusa uso, huenda ni neva (mshipa wa fahamu) ya uso. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana hapo, na usikubali kung'olewa jino lisilo na ugonjwa kwa kubahatisha.

Ninaloliogopa zaidi ni taya linalochoka na kuuma kadiri unavyotafuna, kisha linatulia ukipumzika. Ukiwa na zaidi ya miaka 50, na panja zinauma, kuchana nywele ni tabu au macho yanafifia, huenda mishipa ya damu imevimba, na upofu unaweza kufuata. Nenda siku hiyohiyo.