Fomu wani mnaojiandaa na siku ya soko shuleni, mkaa wa mama nao ni gharama

Wadogo zangu, nimesoma hapa hapa Kigoma mjini, kwenye siku za soko nilikuwa mshika hela wa grupu letu na saa hizi nauza duka Mwanga, kwa hiyo haya nnayowaambia nayatumia kila siku. Naona mnahangaika na mabango na kupamba meza, sawa pambeni, ila naomba kabla ya yote mkae chini na daftari.

Tuseme grupu lenu mko sita mnataka kuuza maandazi. Unga kilo 5 kwa 2,000 ni 10,000, sukari kilo moja 3,000, mafuta 8,000, hamira 1,000, jumla 22,000. Yanatoka maandazi 150, mnauza 200 kila moja, inaingia 30,000 na watu wanashangilia faida 8,000. Sasa subirini kwanza. Mkaa mlichukua nyumbani kwa nani? Bodaboda iliyoleta ndoo shuleni asubuhi alilipa nani? Mkaa wa 3,000 na boda 2,000 mkiandika, gharama inakuwa 27,000, faida imebaki 3,000. Na hapo hatujagusa yale maandazi mnayokula wenyewe mkiwa mnauza, maana kila mtu akila manne tu ni 24, hiyo ni 4,800 imeshaondoka na mmeingia hasara ya 1,800 huku meza imejaa wateja. Ndo maana nasisitiza kila kitu kiandikwe, hata alichotoa mama bure, hata unachokula, andika kama umenunua. Grupu nyingi zinapewa makofi siku ya soko kwa sababu wazazi ndo wamebeba gharama kimya kimya, na mimi hilo linaniuma kwa sababu mwanafunzi anatoka pale anaamini anajua biashara halafu akianza na mtaji wake mwenyewe unakata mwezi wa kwanza.

Halafu msiuze wote maandazi na juisi jamani. Tuko Kigoma, kuna mawese, kuna dagaa, kuna migebuka. Walimu na wazazi wanaokuja wananunua vitu vya kupeleka nyumbani, dagaa waliofungwa vizuri wa 1,000 wanatoka haraka sana. Ila mkienda kununua Kibirizi, mwaloni pale boti zinaposhusha samaki, ulizeni walianikwa wapi, wa kwenye chanja ni wasafi na bei yao iko juu kidogo, walioanikwa chini wana mchanga na mteja akimtafuna mmoja tu mbele ya meza yenu basi, anawaambia na wenzake. Angalieni na mwezi pia. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda, kwa hiyo kama soko lenu linaangukia siku hizo nunueni mapema, dagaa mkavu anakaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 waliokuwa na stoku ndo waliokuwa na cha kuuza, hii kitu ya kujua mzigo unatoka wapi na lini haupatikani ticha hawezi kuwamalizia darasani, nendeni mwaloni mkaulize wakina mama wanaouza pale, wanaeleza vizuri tu ukiwasalimia kwa heshima na usiende saa wanapopokea mzigo.

Chenji tafuteni jana yake, sarafu za 100, 200 na 500, kwa sababu wanafunzi hamruhusiwi simu shuleni na kila mtu anawalipa keshi, mteja wa kwanza lazima aje na noti ya 10,000. Kukopesha hapana. Rafiki yako akisema ntakulipa Jumatatu mwambie hela ni ya grupu, mshika hela asikae karibu na marafiki zake, na anayeuza asiwe ndo anayeandika.

Jioni mkifunga, hela ihesabiwe na watu wawili mbele ya mwalimu wa biashara. Toeni kwanza mtaji, toeni ya mkaa mumrudishie mama mkononi hata akikataa, kinachobaki ndo mjadili kama mnagawana au mnanunulia mzigo wa soko lijalo. Mimi ningenunua mzigo.