Re: Gofu: naputi mara tatu kwenye mashimo kadhaa, nibadilishe fimbo?

Ndugu, hela ya fimbo mpya iweke kwanza. Umesema unamaliza mashimo 18 kwa mikwaju 99, kati ya hiyo 41 ya kuputi (kuviringisha mpira kwenye grini, yaani majani mafupi yanayozunguka shimo), na putti ya kwanza huishia hatua mbili tatu kabla ya shimo. Hapo kinachokuangusha ni nguvu, mwelekeo baadaye.

Nenda grini ya mazoezi, usilenge shimo. Simama hatua 5, kisha 10, kisha 15 kutoka ukingo wa grini, piga mipira mitatu kila mahali, uiache ndani ya hatua moja ya ukingo bila kutoka nje. Umbali upangwe na urefu wa kurudisha fimbo nyuma, mdundo ubaki uleule. Wengi huirudisha mbali mno, wanaogopa, wanafunga breki kabla ya kugusa mpira. Uso wa fimbo unapinda na mpira unafia njiani.

Halafu huko Mufindi kuna umande. Ukiona mpira unaacha mstari kwenye majani na kurusha vitone, ongeza nguvu. Jua likishakausha, nguvu ileile itakupitisha shimo, na hapo ndipo watu hulaumu fimbo.

Kwa putti za mita moja, chomeka tii mbili (vijiti vya kuwekea mpira) sentimita 30 mbele ya mpira, kati yake ibaki nafasi ya mpira na upana wa kidole tu. Unatumia mkono wa kulia? Ukigonga tii ya kushoto, mara nyingi uso wa fimbo umejifunga, yaani umegeukia kushoto.