Fundi, breki ya nyuma haishiki: maswali yenu kuhusu baiskeli ya trayali

Safari hii karibu kila aliyeandika anauliza kuhusu breki ya nyuma ya baiskeli ya trayali, ile ya kurukia mawe, magogo na kuta bila kuweka mguu chini. Kabla ya kujibu, jambo moja. Breki hii kazi yake si kupunguza mwendo. Kazi yake ni kufunga gurudumu lisicheze hata kidogo, usimame juu yake kama uko kwenye kigoda, kisha uiachie nusu sekunde, upige pedali, ufunge tena. Breki inayosifiwa na wenye baiskeli za barabarani inaweza kukumwaga juu ya jiwe.

Fundi, nimepata fremu ya inchi 26. Nyuma ina mahali pa kufunga diski, na pia ina matundu manne ya breki ya rimu. Nifunge ipi?

Ya rimu, na iwe ya mafuta, si ya waya. Magura HS33 ndiyo utakayoiona kwenye baiskeli nyingi za mchezo huu, na matundu manne ya fremu yako yametobolewa kwa ajili ya breki za aina hiyo.

Sababu yangu ni hesabu. Rimu ya inchi 26 ina kipenyo cha milimita 559, kwa hiyo raba ya breki inaibana kiasi cha milimita 270 kutoka katikati ya ekseli. Diski ya milimita 160 inabanwa milimita kama 73 tu kutoka hapo katikati. Gawanya mwenyewe: pedi za diski zinatakiwa kushika kwa nguvu ya karibu mara 3.7 ili kulizuia gurudumu lile lile. Diski nzuri inaziweza nguvu hizo, sikatai. Lakini ziko kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ili zifike kwenye tairi lazima zipite kwenye spoki, na spoki hujikunja kidogo zikivutwa. Ukiwa umesimama kwa gurudumu la nyuma peke yake utasikia baiskeli inanesa chini yako.

Halafu kuna ule mchezo wa pedi. Chukua baiskeli yoyote ya diski, simama kando yake, bana breki ya nyuma, isukume mbele kisha irudishe nyuma. Mara nyingi utasikia "tok", na ukirudisha, "tok" tena. Ni pedi zinacheza ndani ya kalipa, kile kibano kinachoshika diski. Barabarani gurudumu linaenda upande mmoja tu, hutajua. Kwenye trayali uzito unahama mbele na nyuma kila unaporuka, na hako ka-tok kanakuja wakati ambao umesimama kwenye ukingo wa ukuta.

Sasa niwe mkweli kwa wenye diski. Kwenye baiskeli ya inchi 20, rimu ya nyuma ni ndogo, kipenyo chake milimita 387, hivyo faida ya rimu inashuka hadi kama mara 2.5. Na kama unapiga rimu kwenye kingo za zege kila siku mpaka inapinda, diski haijali, wakati breki ya rimu itakuwa inagusa huku na kuachia kule. Anayecheza mjini kwenye ngazi na kuta, akiniambia anataka diski, simbishii sana.

Nina breki ya mafuta ya rimu tayari, lakini nikirukaruka kwa gurudumu la nyuma inateleza. Ninunue breki nyingine?

Usinunue. Nikiletewa breki inayoteleza, mara nyingi mwenye kosa ni raba au rimu, na mwenye baiskeli tayari ameshabadilisha mkono wa breki.

Anza kwa macho. Mtu mwingine abane breki kwa nguvu, wewe inama nyuma ya gurudumu uangalie vile vyuma viwili vya fremu vinavyoshuka kutoka kwenye kiti. Vikifunguka nje kama miguu ya mtu anayechuchumaa, nguvu ya kidole inaishia kutanua fremu badala ya kubana rimu. Hapo unahitaji busta, lile tao la chuma linalounganisha pande mbili za breki zisitanuke. Ni kitu kidogo na hakina mbwembwe, lakini kwa fremu laini kinabadilisha kila kitu.

Vyuma vikiwa vimetulia, angalia raba. Lazima zitue bapa juu ya rimu, zote mbili kwa wakati mmoja. Raba inayogusa kwa kona ya juu inashika kwa robo yake. Legeza bolti, bana breki raba zijilaze zenyewe, kaza huku umebana. Kisha angalia raba zenyewe: zile zinazokuja na breki ni za baiskeli za kawaida, na kwenye trayali hazifui dafu. Tafuta za mchezo huu, na ununue zinazolingana na rimu yako, maana raba ya rimu laini ukiiweka kwenye rimu iliyochanwa, yaani iliyokwaruzwa kwa grainda, inaliwa mara moja, na ya rimu iliyochanwa ukiiweka kwenye laini inateleza kama sabuni.

La mwisho ni hewa. Mkono ukilala hadi karibu na usukani na unahisi kama unabana sponji, kuna hewa kwenye mpira wa mafuta. Itoe.

Kuchana rimu kwa grainda si kuiharibu?

Ni kuiharibu kidogo kidogo, kwa makusudi. Mikwaruzo inang'ata raba, na breki inashika hata rimu ikiwa na maji. Wanaoogopa grainda hupaka lami kidogo kwenye rimu laini, nayo inanata kwelikweli siku ya jua, ila mvua ikinyesha unabaki na rimu nyeusi isiyoshika kitu.

Ukiamua kuchana, valia miwani na kinga ya pua. Tumia jiwe la kukatia linalofaa alumini, gusa kwa ukingo wake, usililalie kwa ubavu. Acha gurudumu lizunguke polepole na ugonge kwa wepesi, tap, tap, tap, mistari ya mshazari iliyo karibu karibu, ukiishia mahali raba inapogusa. Ukikaza mkono mahali pamoja unachimba shimo, na ukuta wa rimu ni mwembamba kuliko unavyodhani. Makali yakiisha unarudia, na kila ukirudia rimu inazidi kuwa nyembamba. Rimu ya kaboni usiiguse kabisa.

Breki iliyochanwa inapiga kelele, majirani wanalalamika.

Ikilia ndiyo inashika. Badili saa za mazoezi.

Nimesikia watu wanaweka maji badala ya mafuta. Ni kweli?

Kwenye breki ya rimu ya mafuta, ndiyo, wachezaji wengi wanafanya. Maji ni mepesi kuliko mafuta, kwa hiyo mkono unarudi haraka, na kwenye trayali kurudi haraka ni nusu ya kazi. Changanya na kile kimiminika cha kwenye rejeta ya gari ili vyuma visipate kutu na maji yasigande kwenye baridi. Kwenye diski usijaribu: diski inapata joto, na maji yanachemka kwenye nyuzi 100.

Na ukiweka mafuta, weka yale ya breki yako. Magura na Shimano za baiskeli zinatumia mafuta ya madini, Hope inatumia ya DOT, yale ya breki za magari. Ukibadilishana, mipira ya ndani inavimba na breki unaitupa.

Breki ya V ya waya, ile ya mikono miwili inayobana rimu, je? Ndiyo ninayoweza kumudu kwa sasa.

Mbele, sawa kabisa. Nyuma waya ni mrefu, unapita kwenye kona nyingi, na kila kona inakula nguvu. Kama ndiyo uliyo nayo, weka ganda la waya jipya na gumu, punguza kona, chana rimu, na uendelee kujifunza. Ila hakikisha fremu ina vile vijiti viwili vya kuifungia. Fremu yenye matundu manne peke yake haiipokei.

Nimekwisha funga diski. Milimita 160 au 180?

Nyuma, 180 kama fremu inaruhusu. Ila chunga mafuta. Mimi niliwahi kupulizia mnyororo mafuta gurudumu likiwa mahali pake, matone mawili yakaruka kwenye diski. Niliisugua diski kwa spiriti, pedi nikazipiga msasa, nikazichoma motoni zikatoa moshi. Bado ziliteleza, nikazitupa zikiwa na wiki moja. Sasa kabla ya kugusa mnyororo nafunika diski kwa soksi kuukuu.