Maswali Yenu: Nani aliondoa mstari wa malaika?

SWALI: Katika ushirika wetu hapa Umoja, Biblia moja ina Yohana 5:4, malaika akiyatibua maji. Nyingine inatoka mstari wa 3 na kuingia wa 5. Nani aliuondoa? – Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, yaelekea hakuna aliyeondoa, kuna aliyeongeza. Kodeksi (vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono) za Sinaiticus na Vaticanus, nakala za Biblia kwa Kigiriki, zote za karne ya 4, hazina maneno hayo, wala P66 na P75, nakala za Injili zilizoandikwa kwenye mafunjo. Katika mstari wa 7 mgonjwa anataja maji kutibuliwa bila kueleza sababu, na inaonekana msomaji fulani aliiandika pambizoni. Tatizo ni kwamba pambizo lilikuwa pia mahali pa kurudishia maneno yaliyosahaulika. Mnakili wa baadaye, akiona maandishi hapo, hakuwa na njia ya kujua kama ni maelezo au ni sehemu ya Injili. Wengi waliona heri kuingiza kuliko kupoteza neno la Mungu.

Kosa la kinyume ni jicho kuruka. Katika Isaya 40, maneno “majani yakauka, ua lanyauka” yamo mstari wa 7 na tena wa 8. Mwandishi wa gombo kubwa la Isaya, lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, aliandika ya kwanza, akarudisha jicho kwenye ya pili na kuendelea. Mkono mwingine ulikuja kuyabana yaliyorukwa juu ya mstari na kuyateremsha pambizoni. Hadi leo yanaonekana.

SWALI: Ni kweli Wayahudi walichoma nakala yenye kosa hata moja? – Msomaji, Kawangware

JIBU: La, ingawa mahubiri mengi husema hivyo. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na sheria za marabi wa Kiyahudi, inaruhusu kusahihisha makosa machache katika kila safu. Yakizidi, gombo linazikwa au kuwekwa kando. Lisilosahihishwa halikai nyumbani zaidi ya siku 30. Kosa likiwa ndani ya jina la Mungu, jina hilo halifutwi: kipande kizima cha ngozi hutolewa na kuandikwa kingine.

Kuhesabu ndiko kulikowalinda zaidi. Wamasora wa Tiberia, wataalamu wa Kiyahudi waliotunza maandishi ya Biblia ya Kiebrania, waliandika pambizoni neno linatokea mara ngapi, na mwishoni mwa kitabu jumla ya mistari. Mwanzo ina 1,534. Jumla isipolingana, mkaguzi anajua kuna kilichorukwa. Kodeksi ya Leningrad, nakala ya Biblia ya Kiebrania iliyonakiliwa Kairo mwaka 1008, bado imejaa hesabu hizo.

Wino nao una hila zake. Wa masizi na gundi hukaa juu ya ngozi, kwa hiyo hukwanguka kirahisi, ila hauiumizi. Wa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma huingia ndani, haufutiki ovyo, lakini asidi yake huila ngozi. Kwenye Sinaiticus kuna herufi zilizoacha matundu.