NASCAR: bahati au ujuzi? Takwimu zina maana, ila angalia ni uwanja gani

Mkuu, umeuliza kama takwimu za madereva wa NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, zina maana yoyote, kwa sababu kwenye Daytona 500 ya 2021, mbio za maili 500 za uwanja wa Daytona, uliona Michael McDowell akishinda wakati kwenye mbio 357 za daraja la juu alizokwisha kushiriki alikuwa hajashinda hata moja. Wadau hapo juu wamekujibu kwamba ni bahati nasibu tu. Mimi sikubaliani nao. Naishi Charlotte, North Carolina, ambako timu nyingi za mchezo huu zina karakana zao, na uwanjani huwa naenda na daftari.

Kabla ya kusoma namba yoyote, jiulize: kwenye uwanja huu, dereva akifika kona anaondoa mguu kwenye mafuta au haondoi? Asipoondoa, hewa ndiyo inayoamua mengi. Akiondoa, yanaamua matairi na mguu wake, na hapo takwimu zinaanza kusema kweli.

Chukua Daytona, kule Florida. Raundi moja ni kama kilomita 4, na kona zake zimeinuliwa nyuzi 31. Kwenye televisheni mwinuko huo hauonekani vizuri, lakini ni mkali kiasi kwamba ukiupanda kwa miguu utajikuta umeinama unatafuta pa kushika. Nusu kipenyo cha kona ni kama mita 305. Ukipiga hesabu, hata lami ingekuwa telezi kabisa isiyo na msuguano wowote, mwinuko peke yake ungetosha kulipitisha gari kwenye kona likiwa na mwendo wa kilomita 150 hivi kwa saa. Ongeza msuguano wa matairi na hewa inayolikandamiza gari chini, na dereva anapita kwa kilomita 300 huku kakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Zamani mwendo huo ulizidi kupanda. Mwaka 1987 pale Talladega, Alabama, Bill Elliott, kwenye raundi za kupanga nafasi za kuanzia, alikwenda kwa wastani wa kilomita 342 kwa saa, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Kwenye mbio zenyewe tairi la Bobby Allison lilipasuka, gari likageuka, likapaa na kurarua uzio unaowakinga watazamaji. Ndipo kuanzia 1988 Daytona na Talladega zikawekewa sharti la kibamba chenye matundu manne chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta ya injini. Hewa ikiingia kidogo, mafuta yanaungua kidogo, na nguvu inapungua. Siku hizi kifaa ni kingine lakini kazi ni ileile. Mimi naunga mkono uamuzi ule kwa moyo wote, maana watu walikuwa wamekaa nyuma ya uzio ule. Lakini tazama ulichozaa: nguvu za injini zikakaribiana, hakuna anayeondoa mguu, na hakuna anayeweza kuwaacha wenzake. Magari zaidi ya 30 yanakwenda yamebanana bampa kwa bampa, na mmoja akiyumba anaondoka na kumi.

Katika msongamano ule ufundi ni wa hewa. Gari lililo peke yake linaisukuma hewa mbele na kuacha nyuma yake sehemu yenye mgandamizo mdogo, ambayo inalivuta lirudi. La pili likijibana pale nyuma linapita kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa, na kwa kuwa linaiziba ile sehemu, hata la mbele linaongeza mwendo. Kwa hiyo mawili yakifuatana yanakwenda kasi kuliko moja. Junior Johnson alilishtukia jambo hilo mapema, na Daytona 500 ya 1960 akaishinda kwa gari ambalo halikuwa na mbio kama ya wenzake. Kuna na ufundi wa ubavuni: unasogea karibu na tairi la nyuma la mwenzako, hewa unayoisukuma inamwelemea kwenye bawa lake la nyuma, anapungua mwendo wewe unapita.

Bahati ipo, lakini haifanyi kazi peke yake. Dale Earnhardt alishinda Talladega mara 10, na ile ya mwisho, Oktoba 2000, alikuwa wa 18 zikiwa zimebaki raundi tano hivi. Lakini Earnhardt huyohuyo Daytona 500 aliipata 1998, kwenye jaribio lake la 20.

Sasa njoo hapa Charlotte, kwenye zile mbio za Mei za maili 600, kama kilomita 965. Huwa nakodi redio ya masikioni inayonasa mazungumzo ya dereva na timu yake. Unamsikia mwangalizi aliyeko juu ya jukwaa akimwambia dereva: "Yuko ndani, bado ndani, bado... wazi," yaani kuna gari ubavuni mwake upande wa ndani, mpaka linapompisha. Mimi naandika muda wa kila raundi. Matairi yakiwa mapya, gari zuri na gari la kawaida karibu halipishani kitu. Kufika raundi ya 30, moja limepoteza nusu sekunde na jingine sekunde nzima. Redioni dereva wa hilo la pili analalamika kwamba gari halikati kona, pua inakimbilia ukutani: tairi la mbele kulia, linalobeba mzigo mkubwa kwa sababu kona zote ni za kushoto, limekwisha. Nusu sekunde ukiizidisha kwa raundi 20 ni sekunde 10, karibu sawa na muda ambao mafundi wanabadilisha matairi manne na kujaza mafuta. Pengo la namna hiyo likijirudia wiki hadi wiki huwezi kuliita bahati.

Kinachonikera ni watu kushikilia wastani wa nafasi ya kumaliza. Dereva akimaliza wa 2, wa 3, wa 4, kisha akagongwa akawa wa 38, wastani wake ni 11.75. Ukizipanga nafasi hizo ukachukua ya katikati, ni 3.5. Ipi inakuonyesha uwezo wake? Isitoshe, ubingwa hautolewi kwa wastani. Matt Kenseth alitwaa wa 2003 kwa ushindi mmoja, huku Ryan Newman mwenye ushindi mara 8 akimaliza wa sita. Mwaka 2024 bingwa alikuwa Joey Logano, ambaye wastani wake ulikuwa 17.1.

Ukitaka kuanza kukusanya zako, anza na Martinsville, Virginia. Uwanja hauzidi mita 850, na breki zinapigwa kila kona mpaka diski zinageuka nyekundu. Andika muda wa kila raundi, toa zile za bendera ya njano, ambapo magari yanapunguza mwendo kwa sababu ya hatari uwanjani, kisha linganisha raundi 20 za mwisho kabla dereva hajaingia kubadilisha matairi. Daytona na Talladega ziweke kwenye karatasi ya peke yake, na Atlanta iingie humo kuanzia 2022, maana kona zake ziliinuliwa hadi nyuzi 28 na sasa huko nako ni kubanana. Februari 2024 Daniel Suárez alimshinda Ryan Blaney pale kwa sekunde 0.003.